Tutakaa Kambi

Soko la Area 36, Lilongwe, siku ya Jumamosi halimwonei mtu huruma. Ukisimama unasukumwa, ukitembea unakanyagwa. Fidès alikuwa ameinama kwenye meza ya zipu na vifungo, akitafuta zipu za bluu za sare za kwaya, mtu mmoja alipomjia kinyumenyume na kreti ya kabichi begani. Wakagongana. Kabichi tatu zikabingirika mpaka kwenye tope.

"Pepani, amayi, pepani kwambiri," yule mtu aliomba radhi kwa Kichewa cha mtu aliyezaliwa nacho.

Fidès akamtazama. Kijana mrefu, shati jeupe la mpishi lililoungua mkono mmoja, macho ya kucheka hata kabla hujamwambia neno. Kichewa cha Fidès kilikuwa cha kununulia nyanya tu, na alikuwa bado anakitafuta pale kreti ilipomponyoka yule jamaa na kumwangukia kidole cha mguu.

"Yebabawe!"

Fidès aliangua kicheko hadi muuza zipu akageuka. "Kumbe we ni Murundi!"

"Sema polepole, dada." Kijana aliangaza huku na huku, akiruka kwa mguu mmoja. "Apa banajua naitwa Chisomo."

"Na huyu Chisomo analia mu Kirundi?"

"Kidole njo kimelia, si miye. Mi naitwa Ntwari. Na we fundi unaitwa nani?"

"Nani amekuambia niko fundi?"

Ntwari akamwonyesha shingo. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia juu ya blauzi yake ya kitenge cha kijani; alikuwa ametoka nao Dzaleka asubuhi bila kujua, akapita nao mjini Lilongwe kama mkufu. Safari hii alicheka Ntwari, na Fidès akaona aibu, na katika ile aibu akampa namba ya simu. Mambo haya huwa hayana akili, na mimi siwezi kumtetea.

Fidès alikuwa na miaka ishirini na sita. Aliingia Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, akiwa na kumi na mitano, kutoka Uvira, Kongo, yeye na mama yake Annuarite na mdogo wake Solange. Alianzia kwenye hema, akahamia nyumba ya matofali ya udongo, akajifunza cherehani. Ntwari alipikia kampuni ndogo ya kubeba watalii; alikuwa mkimbizi kama yeye, na kwa sheria alitakiwa akae kambini, lakini bosi wake alifumba macho na yeye akajiita Chisomo. Mwaka mzima walipendana kwa simu na kwa Jumapili. "Umekula, sheri?" "Sijakula, nangoja kuolewa na mpishi." Hivyo hivyo, kila siku, mpaka jirani zake Fidès wakachoka kumsikia akicheka peke yake kwenye cherehani.

Kisha mwezi wa sita wito ukaja. Annuarite na binti zake wamekubaliwa kwenda Kanada.

Ntwari alipopewa habari hiyo, alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja, mbele ya cherehani ya Fidès. Akaanza kuokota vipande vya nyuzi sakafuni. Fidès akamweleza mambo yalivyo, maana biro, ofisi ya wakimbizi iliyokuwa na dosye yao, yaani faili, walikuwa wamemweleza bila kuficha.

"Nikikuongeza kwa dosye, dosye yote inasimama. Mama anabaki, na ule mguu wake wa sukari hauwezi kungoja. Nikijitoa, mama na Solange banaenda, mi nabaki na we. Nikienda nabo…" Akakata uzi kwa meno. "Lundi banatuita kusaini. Sema kitu, Ntwari."

"Nipe mpaka dimanche." Alikuwa anaomba wiki nzima, mpaka Jumapili.

"Dimanche. Usinidanganye."

"Sheri," akasema, kana kwamba ndipo anaamka, "twende vakansi."

"Vakansi? Mukimbizi anaenda vakansi?"

"Nyika. Ile mbuga ya juu ya mlima, kule kaskazini. Kuna wageni bamekataa kuja, bosi ananipa siku mbili bure. Mi napika kule kila mara, napajua."

"Kwa nini Nyika? Watu wote banaenda ziwani."

"Kuko baridi," Ntwari akajibu, akakataa kuongeza neno.

Fidès alikasirika. Alijua mtu anayekimbia anapomwona. Alikuwa amekimbia nchi nzima. Lakini alimpenda, na ndani yake alikuwa na tamaa ambayo hakuwahi kumwambia mtu: alitaka Ntwari amwambie "baki." Alitaka neno hilo litoke kinywani mwa mtu mwingine, ili siku mguu wa mama utakapouma yeye asiwe peke yake na lawama. Hilo ndilo kosa lake, na lilianza hapo.

Wiki ile Ntwari alimtumia picha kwenye simu. Kulikuwa na sehemu tatu za kulala. Ya kwanza mahema, pembeni ya msitu. Ya pili vyumba vya wageni chini, karibu na geti, vyenye kuta nyeupe na mablanketi mazito. Ya tatu, juu kabisa, nyumba za magogo zilizozungukwa na misonobari, kila moja na vyumba viwili na sehemu ya kuotea moto ukutani. Fidès alizitazama usiku na mchana, akazionyesha hata kwa Solange, akachukia jinsi moyo ulivyokuwa unamdunda kwa ajili ya nyumba ya mtu mwingine.

Jumapili baada ya ibada alipanda kilimani nyuma ya kanisa, mahali pekee simu inaposhika vizuri, akiwa bado na gauni lake la krimu la kola ya kusuka. Ntwari alipokea haraka.

"Sheri wangu! Umeona picha? Hema je?"

"Hema lala we na baba yako. Mi nimekulia ndani ya hema, siingii tena."

"Basi vile vyumba vya geti. Kuko joto."

"Chumba kimoja, vitanda viwili? Pasta akisikia atanitoa kwa kwaya."

"Nyumba ya magogo iko na vyumba viwili, mama mchungaji. Nitafunga mlango wangu kwa ufunguo."

Fidès alicheka, kisha kicheko kikakauka. Bosi wa Ntwari alikuwa anaita nyuma, sufuria zinagongana. Jua lilikuwa linapanda na kesho ilikuwa Jumatatu.

"Ntwari, acha picha. Tutakaa wapi?"

"Njo nakuuliza, uchague!"

"Sitaki kuchagua. Mi nimekuuliza we. Kesho ni lundi. Sema na kinywa chako, tutakaa wapi?"

"Sheri, ngoja kidogo, bananiita—"

Simu ikakatika. Fidès alisimama pale na gauni lake la krimu, akingoja. Dakika kumi baadaye ujumbe ukaingia: *Nimeamua. Tutakaa kambi. Usiogope kitu, mi nitakuwa na we.*

Akausoma mara tatu. Akaandika: *Umefikiri muzuri?*

*Sana. Njo fasi muzuri kupita zote.*

Fidès akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake, akalia. Kambi, mahali pazuri kupita pote! Miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo kuhusu Dzaleka, na huyu amesema kwa sababu yeye yupo. Aliona amependwa kuliko mwanamke yeyote duniani.

Wewe msomaji ungeuliza tena. Fidès hakuuliza. Hakujua kwamba wapishi na madereva wa safari wanaziita zile nyumba za magogo za juu "camp," yaani kambi, wote, kila siku, na Ntwari aliandika ule ujumbe kwa mkono mmoja huku mwingine ukikoroga supu.

Jumatatu biro, ofisa mama mmoja mwenye miwani alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Akamwambia mama yake na Solange wataendelea bila kuchelewa. "Ukibadili mawazo, una mpaka Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo majina yanakwenda, na sitaweza kuyarudisha."

"Sitabadili," akasema Fidès, akasaini.

Nyumbani, Annuarite alimsikiliza mguu ukiwa juu ya kigoda. Hakupiga kelele. "Basi umufundishe Solange kunipiga sindano," akasema, akageukia ukuta.

Jioni ile Fidès alimtumia Ntwari neno moja: *Nimesaini.*

Ntwari alijibu kwa nyuso nne za machozi na moyo. *Mungu akubariki, sheri. Umefanya muzuri.*

Walifika Nyika Alhamisi mchana. Fidès alikuwa na barua ya ruhusa ya kutoka kambini, ya siku nne, ameikunja ndani ya Biblia. Gari la kampuni lilipanda milima ya nyasi isiyo na mti, ukungu ukipita chini yao, na dereva akawaonyesha pundamilia na pofu wakila bila haraka. Nyumba ilikuwa kama kwenye picha. Fidès aligusa magogo, akagusa mawe ya ukuta, akaingia chumba chake akafunga mlango, akafungua tena ili aone kama kweli unafungwa.

Jambo moja tu lilimsumbua. Ntwari alikuwa na huzuni. Alimpikia samaki kwa ndizi, alimwita sheri, lakini hakusema lolote juu ya mahari, wala kanisa, wala wapi wataweka kitanda. Kila akigeuka alimkuta anamtazama kama mtu anayejifunza kitu kwa moyo. Fidès akajiambia ni haya ya kiume.

Ijumaa asubuhi nyasi zote zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Fidès alisimama barazani amejifunga vitenge viwili, meno yakigongana.

"Njo sababu nimekuleta," alisema Ntwari nyuma yake. "Ujifunze baridi."

Alikuwa ameshika koti. Koti kubwa la rangi ya kijivu, zito, lenye kofia ya manyoya, la mitumba lakini limefuliwa na kupigwa pasi. Fidès, fundi kabla ya yote, alitazama kwanza mikono ya koti: ilikuwa imefupishwa kwa mkono, uzi mweusi, mishono mikubwa na midogo, kazi mbaya ya kutia huruma.

"Ulishona mwenyewe?"

"Usiku tatu. Usinicheke." Akamvalisha, akamfunga vifungo mpaka shingoni. "Banasema kule Kanada inakuwa baridi kupita hii mara kumi. Nilitaka siku ya kwanza ukishuka ndege usishangae. Useme, a, hii naijua, Ntwari alinionyesha."

"Kanada ya nani?"

"Ya we. Si ulisaini?"

"Nilisaini kubaki!" Alipiga kelele hadi ndege wakaruka kwenye misonobari. "Nilijitoa! We uliandika tutakaa kambi! Nilikuuliza tutakaa wapi, ukasema kambi!"

Ntwari alitazama nyumba ya magogo, kisha akamtazama yeye. Rangi ilimtoka usoni. "Kambi njo hii," akasema kwa sauti ndogo. "Fidès. Hii njo banaita kambi."

Kisha Fidès akaanza kutafuta simu mfukoni mwa koti alilovishwa, akakumbuka kuwa huku juu hakuna mtandao hata kidogo.

"Saa ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Saa sita. Ofisa alisema saa sita mchana!"

Dereva alikuwa amekwenda kuokota kuni upande wa pili wa bwawa lililo chini ya nyumba. Ntwari alikimbia kumfuata, akiteleza kwenye nyasi, na gari liliondoka saa tatu na robo. Barabara ya kushuka ni ya mawe, na hata ukiwa na haraka ya namna gani mawe hayakupishi. Fidès alikaa nyuma, simu mkononi, akitazama pale juu ya kioo ambapo alama ya mtandao ingetokea.

"Ulikuwa na siku saba," alisema. "Nilikuuliza jambo moja kwa siku saba."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Nikisema baki, nimemuua mama yako. Nikisema enda, nimejiua miye. Nikaona nikinyamaza utaenda. Mutu mwenye akili anaenda, Fidès."

"Kwa hiyo niko mjinga."

"Sikusema vile."

"Nilitaka unizuie! Basi! Nilitaka mutu mmoja kwa hii dunia aniambie ninafaa kubaki!" Alilia kwa hasira, akijipangusa na mkono wa koti ule ulioshonwa vibaya. Dereva, Mmalawi asiyejua neno la Kiswahili, alikanyaga mafuta bila kuuliza.

Mtandao ulishika saa saba kasoro kumi, nje kidogo ya Rumphi. Yule mama wa miwani alipokea. Alimsikiliza mpaka mwisho, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeumia kweli. Majina yalikwenda saa sita. Fidès anaweza kufungua dosye mpya, ya peke yake, ila hawezi kumwahidi mwaka.

Fidès aliteremka garini, akakaa kando ya barabara. Ntwari alipomsogelea na maji, aliusukuma mkono wake. Hakuongea naye tena mpaka Lilongwe, wala wiki iliyofuata, wala ile ya baada yake. Namba yake akaifungia.

Annuarite na Solange waliondoka Jumanne moja ya mwezi wa saba, basi lilipowachukua kambini alfajiri. Fidès hakumwambia mama ukweli. Angewezaje? Mama angeshuka kwenye lile basi, mguu na yote, na kukaa chini. Kwa hiyo alimwachia aamini kuwa binti yake amefuata mwanaume kwa ukaidi, akakubali kuagwa kwa ubaridi. Alimvalisha Solange lile koti la kijivu. Mikono aliishona upya kwa mashine, akafumua nyuzi zote za Ntwari moja moja, na kila uzi ulimuuma.

Mwezi wa nane, akitoka kuchota maji, alimkuta Ntwari nje ya soko la kambi na karai la mafuta, anakaanga maandazi. Amekonda. Watu walikuwa wanamwita kwa jina lake.

"Unafanya nini apa?"

"Nakaa."

"Na kazi?"

"Nimeacha. Chisomo amekufa." Aligeuza andazi lililokuwa limeshaiva. "Sikuombi kitu, Fidès. Niliandika nitakuwa na we, sasa niko. Ata ukipita upande ule mwingine wa njia, niko."

"Nikikuona naona mguu wa mama."

"Najua."

"Kuna siku nakuchukia mpaka kichwa kinaniuma."

"Na siku zingine?"

Fidès alitua ndoo. Alitaka kusema uongo akashindwa. "Siku zingine nakutafuta kwa simu, nakumbuka nimekufungia."

Hakusamehe siku ile. Alikula andazi moja, akasema halina chumvi, akaenda zake. Kesho yake akapita tena. Ilichukua miezi, na ugomvi mwingi, na mara mbili alimfukuza akiwa tayari ameketi kwenye benchi la wateja. Mwezi wa kumi na moja Ntwari alimuuliza kama atakubali kuolewa naye. Alimuuliza mchana kweupe, kwa maneno yote, polepole, "mi Ntwari, we Fidès, mume na mke, apa Dzaleka," kama anamsomea hati. Ni Fidès aliyetabasamu wa kwanza. Alimwambia angoje wiki moja. Alimjibu siku ya tano.

Harusi ilikuwa Jumamosi ya pili ya Desemba, mvua ikipiga mabati ya kanisa. Fidès alivaa gauni jeupe alilojishonea, mikono mirefu ya lesi, bila shela. Vénérande, kiongozi wa kwaya, alisimama mbele ameshika simu juu kwa mikono miwili, na ndani ya simu alikuwamo Annuarite, amefungwa kitambaa cha maua, kwenye chumba chenye dirisha la theluji. Mguu walikuwa wameukata vidole viwili. Uliobaki ulikuwa unapona.

"Fidès," mchungaji aliuliza, "umekuja hapa kwa hiari yako mwenyewe, bila kulazimishwa na mtu?"

Ntwari aliinamisha kichwa. Katika watu mia mbili waliokuwamo, ni yeye peke yake aliyejua swali hilo lina uzito gani, na Fidès aliona mikono yake imeanza kutetemeka.

"Ndiyo," alisema Fidès.

Lakini alipotazama simu, sura ya mama ilikuwa imeganda, mdomo wazi, mtandao umekata. Alingoja. Vénérande aliitikisa simu, akaipandisha juu zaidi. Baada ya muda mama akarudi, anauliza, "Amesema nini? Sikusikia. Mutoto amesema nini?"

"Mchungaji," Fidès alisema, "naomba uniulize tena. Mama hajasikia."

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni furaha ya bibi harusi. Mchungaji akauliza tena, neno kwa neno. Fidès alimfikiria ofisa wa miwani, na ile barabara ya mawe, na mtu huyu anayetetemeka pembeni yake ambaye miezi mitatu alikaanga maandazi juani bila kumwomba kitu. Alijua mama ataelewa kwamba jibu hili ni la mwezi wa sita, la kubaki Dzaleka. Akaacha aelewe hivyo.

"Ndiyo," akasema kwa sauti kubwa, uso kwa simu. "Hakuna mtu alinilazimisha, mama. Nilichagua mwenyewe."

Sauti ilichelewa kufika Kanada. Walimwona Annuarite anangoja, halafu anafunika uso na kitambaa chake cha maua, halafu, peke yake kwenye kile chumba, anapiga vigelegele. Ntwari alikuwa analia waziwazi. Fidès akamshika mkono, akaubana kwa nguvu hadi ukatulia, na kumwambia mchungaji aendelee.